Daftari Langu la Neno Run

Neno lenyewe ni dogo hata unaona aibu kulitamka: run. Herufi tatu. Mwalimu wetu wa Kiingereza aliliandika ubaoni asubuhi moja, katika shule yetu pale Kimemi, mtaa wa Butembo, akageuka, akatuuliza maana yake. Darasa zima likajibu kwa sauti moja, kukimbia, kwa kiburi cha watu walioulizwa majina ya mama zao. Akasema ndiyo, hiyo ni moja. Kisha akafungua kamusi yake kuukuu, ambayo jalada lake lilikuwa limepotea na mahali pake pameshonwa kipande cha katoni ya sabuni, akapita nayo kati ya madawati. Neno lile lilijaza kurasa nne, safu mbilimbili, kwa maandishi madogo ya kuumiza macho. Sisemi nilishangaa. Nilishtuka, mkono ukaenda mdomoni wenyewe.

Sisi tulidhani tunalijua neno kukimbia kuliko watu wote wa dunia. Ilikuwa miaka ya vita. Mji ulikuwa mikononi mwa askari wa nchi jirani, milimani kulikuwa na wapiganaji wa msituni, na sisi tulikuwa katikati. Ukiuliza jirani yuko wapi, unajibiwa amekimbia. Mwaka wa masomo ulikatika mara mbili kwa sababu tulikimbia. Familia zilifika kutoka Kanyabayonga na magodoro kichwani, zikalala kwenye veranda yetu, na baada ya wiki mbili sisi ndio tukakimbia tukawaachia nyumba. Sasa mtu anakuja kuniambia kwamba kukimbia ni maana moja tu kati ya nyingi, na kwamba hizo nyingine hazina hofu yoyote ndani yake! Nilikasirika karibu kama vile nimetukanwa.

Mwalimu huyo alitoka Kasai. Serikali ilimtuma kwetu kabla ya vita, kisha vita vikakata barabara na mshahara kwa pamoja, akabaki Butembo kama mgeni aliyefungiwa mlango kwa nje. Wazazi ndio waliomlisha, huyu unga wa mihogo, yule maharagwe. Alikuwa na shati jeupe moja ambalo lilifuliwa mpaka mtu aliweza kuona mgongo kupitia kitambaa. Swahili yake ilijaa Lingala, nasi tulimcheka. Mimi nilimcheka kuliko wote, niseme ukweli, maana nilikuwa na miaka kumi na sita na ulimi mbaya. Lakini akianza Kiingereza, hakuna aliyethubutu. Wafanyabiashara wetu walikuwa wameanza kwenda Kampala na Dubai, na kila mzazi alitaka mtoto wake ajue lugha ile.

Alitupa kazi ya likizo ya Pasaka. “Kila mutu achore colonne tatu,” alisema. “Ya kwanza, phrase ya Kiingereza. Ya pili, muandike neno kwa neno, kukimbia, kukimbia tu, hata kama inachekesha. Ya tatu, vile sisi tunasema kwetu kweli kweli. Njo mutaona lugha inafanya nini.”

Niliipenda kazi ile kuliko chakula. Mchana, nikitoka kuchota maji, nilikwenda nyumbani kwake na wenzangu wawili au watatu, akatuachia kamusi uani, tukapokezana. Safu yangu ya pili ilikuwa ya kichaa. Maji yanakimbia. Pua inakimbia. Mashine inakimbia. Barabara inakimbia mpaka Beni. Rangi ya kitenge inakimbia. Chumvi imetukimbia. Ugonjwa unakimbia ndani ya ukoo. Yule anakimbia uchifu. Kando yake, katika safu ya tatu, mambo yakarudi kuwa ya watu wenye akili: maji yanatiririka, nina mafua, mashine inanguruma, kitenge kinachuja, chumvi imeisha, anagombea. Nilipofika maana ya arobaini nilianza kujiona. Hakuna mwingine darasani aliyekuwa amepita ishirini.

Mama yangu aliuza viazi sokoni na hakujua kusoma, lakini alipenda nimsomee akiwa anamenya viazi. Siku nilipomwambia kwamba kwa Kiingereza hata yeye na meza yake ya viazi wana neno hilohilo, kwa maana ya kuendesha biashara, aliacha kumenya.

“Miye? Miye minakimbiaka na viazi?”

“Njo vile banasema, mama.”

“Na pua nayo inakimbia. Inakimbia nani? Bazungu bako na taabu.” Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Ukurasa wa mwisho niliuweka kwa ndugu za neno hilo, kama mwalimu alivyoomba. Nilijifunza kwamba Kiingereza kinamtenga anayekimbia risasi na anayekimbilia sufuria inayoungua. Flee ni wa kwanza, ana hofu na pengine hatarudi. Dash ni wa pili, atarudi sasa hivi. Bolt ni mbuzi aliyekata kamba. Chini yao niliandika ya kwetu, kutoroka, kuchomoka, kuponyoka, kutimua mbio, na mbele ya kila moja nikaandika tena kukimbia, kwa wino mwekundu, ili ionekane vizuri kwamba ni ukoo mmoja. Nilijivunia sana ule wino mwekundu.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kila mtu wa kwetu alilijua, na mimi nililijua pia. Wapiganaji wa msituni walijikinga kwa dawa. Waliamini kwamba wakinyunyiziwa maji na mganga wao, waliyemwita docteur, risasi itawagusa ikiwa tone la maji. Lakini dawa ina masharti yake, na masharti yanamfunga hata mpita njia. Humpi mpiganaji mkono. Ukitaka kumpa kitu unakiweka chini, yeye anakiokota. Na kwa kundi lililoshika barabara ya Beni mwaka ule, neno kukimbia lilikatazwa. Akilisikia mpiganaji, dawa yake inakufa. Akilitamka mwenyewe, ni vibaya zaidi. Watu wazima waliwafundisha watoto kusema kusogea. Hata madereva, wakisimulia habari za mapigano, walisema watu wamesogea mpaka Butembo, na hakuna aliyecheka.

Nilijua, na bado niliweka daftari katika mkoba wangu siku mimi na mama tulipopanda lori kwenda Mbau kumwona nyanya. Nimejiuliza miaka yote hii kwa nini. Jibu ni aibu tupu: nilitaka kufikisha maana hamsini. Masharti ya wapiganaji nilidhani ni ya mdomo. Kwamba daftari nalo lina mdomo, halikunijia akilini.

Lori lilibeba viazi vya Lubero, na sisi abiria tulikaa juu ya magunia. Mwalimu alikuwamo. Alikuwa anakwenda Beni kwa watu wa kwao, maana alisikia kuna barua yake huko, ya kwanza tangu vita vianze. Alimsalimu mama kwa heshima, akakaa karibu nasi, na tulipoacha nyumba za mwisho za mji akaniuliza nimefika ngapi. Nikamwambia arobaini na sita. Akatikisa kichwa, akamwambia mama, “Mama, huyu mutoto atakuwa mutu.” Nilimwona mama akikaza kilemba chake jinsi anavyofanya akifurahi.

Dereva alisimamisha lori kabla ya kona, akatoa kichwa dirishani. “Barrière iko mbele. Mikono kwenu, bintu chini, na midomo muchunge. Munasikia?” Tukaitikia.

Kizuizi kilikuwa mwanzi mmoja uliolazwa juu ya vijiti viwili. Wanaume kama kumi na watano, majani kichwani, chupa ndogo za maji shingoni. Kando ya barabara, juu ya kiti cha mbao, aliketi docteur wao, mtu wa makamo mwenye kandambili na dumu la maji miguuni. Alionekana mpole. Tulishuka, tukaweka mizigo yetu chini kwa mstari, tukarudi nyuma hatua tatu.

Aliyepekua mizigo alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, na alipokuta daftari langu uso wake uling'aa. Nadhani aliwahi kusoma miaka michache ya shule ya msingi na tangu hapo hakuna aliyemwomba asome kitu. Akalifungua, akasimama wima, akaanza kuwasomea wenzake kwa sauti, silabi moja moja, kidole kikifuata mstari. Kiingereza alikiruka. Alisoma safu ya pili.

“Ma-yi ya-na-ki-mbi-ya. Pu-a i-na-ki-mbi-ya. Ma-shi-ni...”

Alisoma mistari mitano kabla masikio yake hayajasikia mdomo wake. Niliona lile neno likimfikia. Midomo ilibaki wazi, kidole kikabaki kwenye karatasi, na rangi ya uso wake ikageuka mbele yetu. Nyuma yake wenzake walikuwa wamekwisha kurudi nyuma, wengine wameziba masikio, mmoja amevua majani ya kichwani na kuyatupa kama yanamuunguza. Kisha akafunua ukurasa wa mwisho, wenye wino mwekundu, akaliachia daftari likaanguka. Sikuwa nimepata kuona wanaume wenye bunduki wakiogopa karatasi, na naomba nisione tena, kwa sababu mtu mwenye bunduki akiogopa kuna jambo moja tu analotaka kufanya.

Docteur aliinuka kitini. Hakupiga kelele. “Nani anatuma hii kwa batoto yangu?” aliuliza. “Iko mukoba ya nani?”

Mkoba ulikuwa mbele yangu. Nilifungua kinywa. Nataka niamini kwamba nilikuwa nataka kusema ni wangu, lakini sijui, kweli sijui, maana kucha za mama ziliingia katika kifundo cha mkono wangu na sauti yake ikatangulia.

“Mukoba njo yetu, papa. Mais kaye, hii daftari, hapana yetu. Mutoto wangu hajue Kizungu. Iko ya huyu mwalimu, alimupatia amubebee.”

Yaliyonishtua siku ile ni mengi, lakini hakuna lililonishtua kama sauti hiyo. Ilikuwa tulivu. Ilikuwa sauti ileile aliyoitumia sokoni kumwambia mnunuzi kwamba viazi vimechimbwa asubuhi hii. Mama yangu, aliyefunga kila Ijumaa ya Kwaresima, aliyempelekea mtu huyohuyo sahani ya maharagwe kila Jumapili, alimnyooshea kidole bila kutetemeka.

Mwalimu alimtazama mama. Halafu akanitazama mimi, muda mfupi tu. Aligeuka kwa docteur.

“Ndiyo,” alisema. “Kaye iko yangu. Njo miye nafundisha.”

“Uko mutu ya wapi?”

“Kasai.”

Hapo mambo yakaisha. Mtu wa mbali, mtu wa serikali, mwenye lafudhi ya Lingala, lugha ya askari wa serikali, anayebeba Kiingereza, lugha ya wale waliokuja na vifaru: hata kama ningepiga magoti na kusema daftari ni langu, nani angenisikiliza? Hivi ndivyo nilivyojiambia kwa miaka mingi. Walimfunga mikono kwa kamba ya katani, wakamwambia dereva aondoe lori lake mara moja. Dereva hakuambiwa mara mbili. Tulipanda, mwanzi ukainuliwa, na kutoka juu ya magunia nilimwona amesimama kati yao na shati lake jeupe, mrefu kuliko wote, akiangalia chini kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha.

Mpaka Beni mama hakuachia mkono wangu. Damu ilikuwa imetoka. Pale Beni, tukisubiri gari la Mbau, alininunulia keki ya ngano na chai, akasema, “Kula.” Nikala, na hilo pia lilinishtua, kwamba niliweza kumeza.

Kwa nyanya nilikaa wiki nzima bila kusema neno, nikapewa dawa ya minyoo. Mama aliniambia mara moja tu, tukiwa peke yetu shambani: “Bangekuua. Wewe ungekufa, na miye ningerudi na nini?” Nikamchukia. Nasema wazi: nilimchukia mama yangu kwa sababu niko hai, na nilimchukia zaidi kwa sababu nilikuwa nafurahi kuwa hai.

Tuliporudi, njia ilikuwa wazi. Mwanzi ulikuwa umelala mtaroni na hapakuwa na mtu. Shule ilipofunguliwa, somo la Kiingereza liligeuzwa kuwa saa ya kujisomea, na mkurugenzi wa shule alituambia tumwombee mwalimu. Wenzangu walilia. Mimi nilikaa na macho makavu, nikingoja mtu aniulize, na hakuna aliyeniuliza, kwa sababu abiria wote wa lori lile walikuwa wamekubaliana bila kusema kwamba hawakuona kitu.

Jumatatu ya wiki ya tatu aliingia darasani. Tulisimama wote, hakuna aliyetuamuru. Alikuwa amenyolewa kichwa, miguu imevimba hata viatu vimekatwa kisigino, na alikohoa kikohozi cha ndani sana. Alisema asubuhi njema, akaandika tarehe ubaoni. Hakusimulia lolote. Tulilojua tulilipata kwa dereva, aliyelipata kwa wanawake wa kijiji kimoja cha barabarani: docteur alikataza asiuawe, kwa kuwa damu yake ingeyafunga yale maneno ndani ya watu wake milele. Maneno yalipaswa kurudi yalikotoka. Kwa hiyo walimsimamisha mtoni, maji kifuani, kuanzia jua kuchomoza mpaka kutua, siku baada ya siku, huku kila mpiganaji akishuka kwa zamu kunawa upande wa chini wa mkondo na kunyunyiziwa dawa upya. Wa mwisho alipomaliza, walimfungua, wakamwonyesha barabara.

Nilimpelekea mama habari sokoni. Alikuwa anampimia mteja viazi. Akaweka kopo chini, akaketi ardhini katikati ya magunia, miguu mbele kama mtoto, na hakusikia mteja alipomwita.

Jioni yake, jua likiwa bado juu ya mlima, tulikwenda nyumbani kwa mwalimu. Mama alibeba maharagwe na jogoo, mimi unga. Mwalimu alikuwa uani amejifunika blanketi. Alitaka kuinuka, mama akamkataza. Kisha mama yangu, asiyeinama hata akimsalimu padri, akapiga magoti kwenye vumbi.

“Mwalimu, nilisema uongo juu yako. Nilikutoa. Hakuna namna ya kuomba, mais ninaomba.”

Alikohoa kwanza, muda mrefu. Nilitaka atukane. Nilitaka alie, amfukuze, achukue yule jogoo amtupe njiani. Aliinamisha mgongo, akamshika mama mkono kumwinua, na akamwita kwa heshima ileile ya juu ya magunia.

“Mama, inuka. Nilishaanza kufungua kinywa. Nilikuwa ninasema iko yangu. Mungeningoja kidogo tu.”

Mama alisimama. Aliweka maharagwe chini, akasema, “Wasingya,” kwa Kinande, kama mtu anayemshukuru jirani kwa moto, akatoka. Njiani kwenda nyumbani nilielewa: kama angengoja kidogo, mwalimu angejitoa mwenyewe, na uongo wa mama ulikuwa wa bure. Kwenye lango akasimama, akanishika bega, akaniuliza kama mwalimu alikuwa amemsamehe.

Nilimwambia ndiyo. Alitafuta jibu usoni pangu, kisha akaingia ndani kuwasha jiko, na mpaka anakufa hakupita tena njia inayopita mbele ya nyumba ile.